Majirani wa Nyota Iliyoraruliwa

Garissa, Jumatatu, 9 Oktoba

Eeddo Ebla amehamia kwetu leo. Ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ana mbuzi na ngamia huko karibu na Diff, na wiki iliyopita alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa Garissa. Daktari amemkataza vumbi, moshi, kuinama na kulia. Hakumkataza kupiga kelele, kwa hiyo nguvu zote zimeelekea huko. Mama yuko Dadaab na biashara yake ya vitambaa, hivyo muuguzi ni mimi. Matone ya jicho mara nne kwa siku, chai mara nane.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu. Eeddo husoma Kisomali hata kwa jicho moja, na haoni haya kufungua kitu cha mtu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ameniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa kuwa ananiona kutwa mbele ya kompyuta na hakuna mteja anayekuja. Nimemweleza polepole. Kuna galaksi, mbali sana. Katikati yake kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua letu mara milioni tatu. Miaka mitatu iliyopita tuliona nyota moja ikilisogelea mno, ikararuliwa. Sehemu ya mabaki ilimezwa, sehemu ikatupwa nje kwa kasi ya ajabu. Vile vilivyotupwa vikigonga gesi iliyo karibu hutoa mawimbi ya redio, na antena zilizoko nyikani Afrika Kusini huyapokea. Mimi hapa Garissa huichukua data hiyo kwa mtandao na kupima mawimbi yana nguvu kiasi gani. Yakipanda baada ya miaka yote hiyo, ina maana shimo limetema upya, na kwa nini litapike leo mlo wa zamani hakuna anayejua vizuri.

"Kwa hiyo mnyama aliliwa zamani," akasema, "na nyinyi mmekaa mnamsikiliza fisi akipiga mbweu."

"Kitu kama hicho, Eeddo."

"Na chuo kinakupa cheti kwa hilo, eeddo?" Ananiita eeddo kama mimi ninavyomwita, ndivyo tulivyo kwetu.

Tangu leo nyota yangu inaitwa maiti.

Jumanne, 17 Oktoba

Joto. Matone. "Maiti wako amesemaje?" Hajasema kitu.

Jumanne, 24 Oktoba

Amesema!

Data ya tatu imefika na nimeipima leo. Kwa kizio chetu, ambacho ni kidogo mno hata sioni haja ya kukiandika, mwezi wa Aprili nyota ilikuwa tatu. Julai ilikuwa tano. Leo ni nane. Nimepima mara tatu, kila mara nane. Nimezunguka meza, nimekunywa maji, nimerudi, nane.

Nimempigia Dkt. Mohamedamin. Ndiye msimamizi wangu chuoni Nairobi, mzaliwa wa Wajir, mtu wa kwanza kutoka upande wetu kuniambia kwamba msichana anaweza kula kwa kupima nyota. Miaka minne iliyopita aliandika makala kuhusu nyota nyingine iliyoraruliwa, jinsi ilivyoamka upya kwenye redio wakati kila mtu alishaisahau. Hiyo makala ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii. Nakala yangu imelegea kurasa kwa kufunguliwa.

"Mashallah, Sabirin!" Alipaza sauti hadi Eeddo akatoka chumbani. "Andika tangazo leo leo. Usilale nalo. Kuna kundi la Ulaya linaiwinda nyota hii hii."

Alhamisi, 26 Oktoba

Tangazo limekwenda kwa wanaastronomia wa dunia nzima, jina langu likiwa la kwanza. Darubini ya redio iliyo kubwa kuliko zote tunazoweza kuomba imetupa muda wa saa nne, tarehe 16 Novemba. Sharti lao ni kwamba nguvu ya mawimbi iwe imezidi maradufu. Kutoka tatu hadi nane, tumepita bila mjadala.

Ili sisi tupate, wamemwondoa mwanafunzi mmoja wa Chile ambaye alikuwa akingoja zamu tangu mwaka jana. Nimeliona jina lake kwenye ratiba, limepigwa mstari. Nilijisikia vibaya kama dakika kumi, kisha furaha ikarudi.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua ya siku nne. Tana imefura, barabara ya Madogo iko chini ya maji, ya Dadaab pia haipitiki. Mama amekwama kule. Kwa hiyo ni mimi na Eeddo, bati la nyumba linapigwa juu yetu, na simu yake.

Hiyo simu itaniua. Kila asubuhi baada ya swala anampigia Ogle. Ogle ndiye sahan wake, yaani mtu anayetangulia mifugo kutafuta majani na maji, kisha analeta habari. Mvua inayomwagika hapa kwenye lami, ambako hakuna mbuzi anayeihitaji, kule kwao inapita juu juu tu. Eeddo lazima aamue kama mifugo ibaki ilipo au ihame mwendo wa siku tatu. Wakibaki pasipo na majani, watoto wa mbuzi wataanza kufa. Wakihama bure, watafia njiani. Basi anamhoji Ogle kama hakimu, sauti ya simu imefunguliwa yote. Uliona mwenyewe au uliambiwa? Siku gani? Ulikuwa umesimama wapi? Udongo ulikuwa umelowa kiasi gani, kina cha kucha au cha kidole? Ogle anajibu, Eeddo anauliza tena lile lile kwa mlango mwingine.

Nimetia pamba masikioni. Nina makala ya kuandika.

Jumatano, 8 Novemba

Siku nane zimebaki. Chakula hakipiti.

Jumamosi, 11 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea, maana nikiandika nusu nitajidanganya.

Asubuhi nilikuwa nimesimama karibu na Eeddo na chupa ya matone, nikingoja amalize simu ili nimtie dawa. Ogle alikuwa na furaha.

"Maziwa yamepanda, Eeddo. Jioni tulikuwa tunapata vikombe sita. Wiki hii ni tisa. Majani yapo, tubaki tu."

Nilitegemea Eeddo amshukuru Mungu. Alikunja uso.

"Majirani, nyumba ya Gabow, wanapata ngapi?"

"Nao wamepanda. Nilimsaidia mkewe kupima. Walikuwa na vinne, sasa sita."

"Mbuzi wa Gabow wanaharisha wiki ya pili. Wamepandaje?"

Eeddo hakungoja jibu.

"Na nyumba ya Weris?"

"Nao pia."

"Waryaa, wewe Ogle. Unapimia nini?"

"Kikombe."

"Kikombe gani?"

"Kile cha bati kilitoboka. Nimenunua cha plastiki hapa Diff."

"Kikubwa kuliko cha zamani au kidogo?"

Nikasogeza sikio karibu na simu. Kisha tukasikia, "Kidogo, Eeddo. Wallahi sikufikiria."

Nilijiandaa kwa matusi. Hayakuja. Eeddo aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Habari hii umeipeleka kwa nani na nani?" Nyumba nne, akasema Ogle. Mbili zilikuwa zimekwisha kufunga mizigo, zikafungua kwa sababu ya maneno yake. "Basi leo uende kwa miguu yako, nyumba hadi nyumba, useme habari ya kikombe. Usipige simu. Usimtume mtoto. Uliipeleka kwa mdomo wako, utairudisha kwa mdomo wako. Na kesho mifugo yangu inahama."

Akakata, akainua uso ili nimtie dawa. Nilimtia tone shavuni.

Sikuwa nimepima majirani.

Katika kila picha tunayopata kutoka kwenye antena, nyota yetu haiko peke yake. Pembeni mwake kuna galaksi nyingine nyingi zinazotoa redio, kongwe, tulivu, ambazo kwa miezi sita hazibadiliki hata chembe. Kuzipima ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi nilipima nyota yangu tu, mara tatu, kwa mapenzi, kama mama anayempima mtoto wake mmoja urefu kwenye mlango.

Nimepima majirani kumi na saba. Nimeanza na Aprili, wako sawa. Julai, wako sawa. Oktoba wamepanda wote kumi na saba, kila mmoja mara moja na nusu.

Ilinichukua saa mbili kukipata kikombe changu. Kila kipimo chetu kinalinganishwa na chanzo kimoja angavu ambacho nguvu yake inajulikana. Mwezi wa Oktoba nilibandika faili la nguvu yake kwa masafa mengine ya redio. Faili hilo lina jina linalofanana na la kweli isipokuwa tarakimu moja. Nikirekebisha, nane yangu inakuwa tano na kidogo. Julai tano, Oktoba tano na kidogo. Nyota haijapanda tangu Julai. Sharti la maradufu halijatimia, na saa nne zile tumezipata kwa uongo ambao niliuandika mwenyewe na kuusaini.

Nimeketi sakafuni. Nina hofu.

Jumapili, 12 Novemba

Nimemwambia Dkt. Mohamedamin kwa simu. Mtandao ulikuwa unakatika, nikalazimika kurudia neno "majirani" mara tatu, na kila mara lilizidi kuniaibisha. Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Vizuri. Basi tulia. Tano bado ni zaidi ya tatu, si ndiyo? Acha darubini itazame. Ikiona kitu, hakuna atakayeuliza Oktoba ilikuwa ngapi. Isipoona, tutasahihisha ndani ya makala, mstari mmoja, hakuna atakayeumia."

"Na yule wa Chile, Daktari?"

"Sabirin, kila mtu ameondolewa zamu siku moja. Hata mimi."

"Lakini tumesema maradufu na si maradufu."

"Umetangaza kwa jina lako, na jina langu liko chini yake. Ukiliangusha lako, unaangusha yote mawili. Hakuna atakayetupa tena hata dakika tano. Usiguse kitu. Nakuomba."

Nakuomba. Miaka mitatu ananifundisha, hajawahi kuniomba. Nimekata simu nikiwa na hasira naye, hasira ya kweli, ile ya kumwona mtu mkubwa amekuwa mdogo mbele yako. Alikuwa na woga. Sikuelewa woga ule wote ni wa nini, kosa si lake.

Jumatatu, 13 Novemba

Umeme umekatika tangu alfajiri. Mtandao hakuna. Maji yamefika kwenye ngazi ya msikiti.

Jumanne, 14 Novemba

Hakuna umeme, hakuna mtandao. Na leo nimejikamata nikifurahia. Kama mtandao hautarudi hadi kesho kutwa, sikukataa kusema, nilishindwa tu, Mungu ndiye aliyeleta mvua. Nimeona aibu kuwaza hivyo, nimeona aibu zaidi kuona jinsi wazo lenyewe lilivyo tamu. Nimelirudia kichwani mchana kutwa.

Eeddo ameniuliza mbona uso umekuwa kama wa mgonjwa. Nimesema ni joto. Akanitazama kwa jicho lake zima, akaomba chai nyingine.

Jioni simu za kawaida zilirudi kidogo, Ogle akapiga. Amefika nyumba zote nne. Gabow alimtukana mbele ya watoto, akamwita mpumbavu wa plastiki. Ogle alimaliza kusikiliza, akachukua fimbo, akaenda nyumba iliyofuata. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini si ya mtu aliyevunjika.

"Utamfukuza?" nikamuuliza Eeddo baadaye.

"Nimfukuze kwa nini? Sasa kikombe anakijua. Mwingine nitaanza kumfundisha upya."

Jumatano, 15 Novemba

Nimetoka saa tisa mchana, kompyuta nimeifunga kwenye mfuko wa mchele na kuibeba kichwani. Karibu na soko kuna hoteli ya mtu anayeitwa Ayanle, ana jenereta na mtandao wa setilaiti, na watu huenda pale kutazama mpira. Maji njiani yalinifika magotini. Mama mmoja wa kuuza maziwa alinionyesha kwa fimbo mahali palipo na shimo, bila hivyo ningezama na ushahidi wangu.

Ndani kulikuwa na wanaume kama thelathini na mwanamke mmoja, mimi. Ayanle akaja na kitambaa begani.

"Dada, hapa ni balo na jai, ofisi hakuna." Mpira na chai, yaani.

"Nataka chai. Na mtandao dakika ishirini."

"Dakika ishirini ya nini?"

"Nimewaambia watu uongo bila kujua. Nataka kuwaambia."

Alinitazama, akafuta meza ya pembeni, akamwamuru kijana mmoja ahamishe miguu yake. "Jai ya tangawizi," akasema, "ya uongo nafaa tangawizi."

Niliandika ujumbe kwa wenye darubini, na ule ule kama sahihisho la tangazo kwa wanaastronomia wote. Nilitaja faili, nilitaja majirani kumi na saba, nilibandika namba zote, za zamani na mpya. Nilisema kosa ni langu pekee na msimamizi wangu hakupima chochote. Niliomba zamu arudishiwe mwenyewe. Mkono ulikuwa juu ya kibonyezo na wanaume wote wakapiga kelele kwa pamoja, bao, nikashtuka nikabonyeza. Saa kumi na dakika arobaini. Sitajisifu kwamba ilikuwa ushujaa.

Kwa Daktari nikatuma mstari mmoja. "Nimetuma. Nisamehe sikungoja."

Alhamisi, 16 Novemba

Simu imeshika mtandao asubuhi kwa robo saa. Jibu la darubini lina sentensi mbili. Tumepokea. Muda umeondolewa. Kwenye ratiba jina la yule wa Chile limerudi mahali pake, langu halipo hata kwa mstari.

Nililia. Eeddo akatoka akiwa na mswaki mdomoni, akakaa kando yangu kwenye mkeka, nikamwambia yote. Nilidhani nitalazimika kueleza sana. Alisikiliza hadi nilipofika kwenye faili.

"Kikombe," akasema.

"Kikombe, Eeddo."

"Na umefika nyumba zote?"

"Zote. Moja imefunga mlango. Daktari hajajibu."

Alitafuna mswaki wake kwa muda. "Lia," akasema. "Mimi daktari wa macho amenikataza, wewe lia kwa ajili yetu sote." Akaniwekea mkono mgongoni, mkono mzito wenye harufu ya mafuta ya ngamia, na hakuuondoa.

Jumanne, 21 Novemba

Daktari hajajibu. Siku ya sita.

Jumatatu, 27 Novemba

Karani wa idara ameandika kwamba wasilisho langu la utafiti la Desemba limeondolewa, "kwa maelekezo". Hakusema ya nani. Sina haja ya kuuliza. Siku nyingine nadhani nilifanya sawa, siku nyingine nadhani nilikata tawi nililolikalia kwa sababu ya kikombe cha Ogle. Leo ni siku ya tawi.

Jumatano, 6 Desemba

Barabara zimefunguka. Mama amerudi. Eeddo ameondoka na lori la sukari linaloelekea Diff, jicho wazi, akimwelekeza dereva kabla gari halijawashwa. Mifugo imefika kwenye majani. Amepoteza watoto wawili wa mbuzi njiani. Nyumba ya Gabow, ambao hawakuhama hadi wiki iliyofuata, wamepoteza kumi na mmoja.

Data ya Desemba imefika kwa zamu yetu ya kawaida ya Afrika Kusini. Nimefunika nyota yangu kwa karatasi kwenye kioo cha kompyuta nikapima majirani kumi na saba kwanza. Wote wametulia. Nimetoa karatasi. Tano. Haijapanda, na sidhani itapanda. Nimeiandika hivyo.

Alhamisi, 14 Desemba

Daktari amepiga simu saa tatu asubuhi. Nilitoka uani ili Mama asisikie nikifukuzwa chuo.

Hakunisalimu. "Ile makala yangu," akasema. "Ya miaka minne iliyopita."

"Ndiyo, Daktari."

"Majirani sikuwapima."

Nikaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Nilikuwa na haraka kama wewe. Kulikuwa na kundi lingine, siku zote kuna kundi lingine. Makala ikatoka, nikapata kazi, nikapewa idara, mkaja nyinyi wanafunzi. Kila nilipotaka kurudi niangalie, nilipata shughuli. Uliponipigia ile Jumapili ukataja majirani, nilihisi ni mimi unayenitaja." Nyuma yake niliwasikia watoto wake wakigombania kitu. "Nimekaa na data hiyo mwezi mzima mbele yangu. Siwezi kuifungua. Nipimie wewe, abaayo, dada yangu."

Sasa naujua ule woga. Na nimeona jambo jingine ambalo yeye hakulisema kwa kunihurumia, kwamba kazi yangu yote imejengwa juu ya makala hiyo. Ikianguka, sura ya kwanza ya tasnifu yangu inaanguka nayo, na ya pili.

Data yake imefika kwa mtandao, nimefunga mlango. Jirani wa kwanza nilimpima mara mbili. Amepanda, theluthi moja. Wa pili theluthi moja. Wa tatu. Wa nne. Nikaacha hapo nikapiga simu, na ikapokelewa kabla sijasikia mlio.

"Wangapi?"

"Wanne kati ya wanne. Wote kwa kiasi kile kile."

Watoto walikuwa wamenyamaza, au alikuwa amewaacha.

"Pima waliobaki," akasema. "Kisha nitumie tena ule ujumbe wako wa mafuriko. Nataka kuona uliuanzaje."

"Neno la kwanza ni 'nilikosea', Daktari."

"Basi na mimi nitaanza hapo."

Wamebaki ishirini na wawili. Naendelea kupima.